Mvua, Mnara na Dishi: Somo kwa Mtumiaji wa Bunda kuhusu Mkao wa Mawimbi

Wakazi wa Bunda wanaijua mvua ile inayotanguliwa na upepo wa ghafla, mabati yakavuma, na kabla matone hayajashika nguvu picha ya televisheni ikaanza kukatika vipande vipande. Dakika chache baadaye skrini inatangaza kwamba hakuna mawimbi. Mwenye nyumba anakilaumu king'amuzi, jirani anailaumu kampuni, na fundi akifika kesho yake anapendekeza dishi kubwa zaidi. Huenda wote watatu wamekosea, na huenda mmoja wao amesema kweli. Tumeandika somo hili ili mtumiaji aweze kumtambua huyo mmoja kabla hajatoa fedha mfukoni.

Tutaeleza jambo ambalo vijitabu vyetu vingi hulipita kwa haraka: mvua haipunguzi nguvu ya mawimbi tu, bali pia hugeuza namna mawimbi hayo yalivyokaa. Jambo hili linagusa dishi la nyumbani, na linagusa zaidi minara inayobeba simu na intaneti ya mji mzima.

Mkao wa wimbi ni nini

Mfungie kamba ndefu kwenye nguzo, kisha uipitishe katikati ya fito mbili zilizosimama wima katika uzio. Ukiitikisa kamba juu na chini, mawimbi yatapita kati ya fito hadi kwenye nguzo. Ukiitikisa kushoto na kulia, fito zitayazuia. Kamba ni ileile na nguvu ya mkono ni ileile. Kilichobadilika ni mkao wa mtikisiko.

Mawimbi ya redio nayo yana mkao, ambao wahandisi huuita polaraizesheni. Wimbi linaweza kutikisika wima, linaweza kutikisika kwa mlalo, au linaweza kusafiri likizunguka kama parafujo. Antena iliyowekwa kwa ajili ya mkao wa wima hulipokea vyema wimbi la wima na hulikataa, kwa sehemu kubwa sana, wimbi la mlalo.

Sifa hii ni mali. Masafa ya redio hayaongezwi na kiwanda chochote; yaliyopo ndiyo hayohayo, na Mamlaka huyagawa kwa leseni. Kwa kuwa mikao miwili haichanganyiki, satelaiti moja inaweza kutuma chaneli mbili tofauti kwa masafa yaleyale, moja kwa wima na nyingine kwa mlalo. Minara miwili inaweza kufanya vivyo hivyo na kupata uwezo maradufu bila kuomba masafa mapya. Hesabu yote hiyo imejengwa juu ya sharti moja, kwamba njiani hakuna kitu kitakachougeuza mkao. Mvua ndicho kitu hicho.

Tone la mvua si duara

Vitabu vya watoto huchora tone likiwa na ncha juu na tumbo chini, kama tone la chozi. Tone linaloanguka angani halina umbo hilo. Tone dogo, la upana usiofikia milimita 1, ni duara kamili au karibu yake. Likikua kufikia milimita 2 linaanza kubonyea, kwa sababu hewa inalisukuma kutoka chini linapoanguka. Likifikia milimita 4 au 5 linakuwa kama skonzi: bapa chini, mviringo juu, na upana wake ni mkubwa kuliko kimo chake. Likizidi hapo halidumu. Hupasuka na kuwa matone madogo.

Manyunyu ya asubuhi huwa ni ya matone madogo, nayo hayasumbui mkao wa wimbi. Mvua kubwa ya radi, ambayo watu wa kandokando ya Ziwa Victoria huiona katika misimu ya vuli na masika, ndiyo yenye matone makubwa ya umbo la skonzi. Maelfu kwa maelfu ya skonzi hizo hushuka zote zikiwa zimelala kwa namna moja.

Wimbi la mlalo likipita humo linakutana na upande mrefu wa kila tone, na maji yanalinyonya zaidi. Wimbi la wima linakutana na upande mfupi, nalo linanyonywa kidogo. Tofauti hii inapimika. Kwa mujibu wa kanuni za Shirika la Mawasiliano la Kimataifa (ITU), mvua ya milimita 50 kwa saa hulipunguzia wimbi la mlalo la gigahezi 12 takriban desibeli 2.4 kwa kila kilomita, na la wima takriban desibeli 2.0. Mvua ikifikia milimita 100 kwa saa, mlalo hupoteza takriban desibeli 5.5 na wima takriban 4.3. Kwa asiyezoea kipimo hiki: kupoteza desibeli 3 ni kubakiwa na nusu ya nguvu, na kupoteza desibeli 10 ni kubakiwa na sehemu moja ya kumi. Milimita 50 kwa saa, nazo, ni sawa na ndoo mbili na nusu za lita 20 kumwagika katika muda huo juu ya kila mita moja ya mraba ya paa.

Jinsi wimbi linavyogeuka

Kupungua ni jambo moja. Kugeuka ni jambo jingine. Hapa tunaomba msaada wa maksai.

Wakulima wa Mara wanaolima kwa plau wanajua kwamba nira ina ng'ombe wawili, na plau hunyooka pale tu wote wawili wanapovuta sawa. Mmoja akichoka au akichelewa hatua moja, mtaro unapinda. Wimbi lililoinama, lisilo la wima kamili wala la mlalo kamili, ni kama plau hiyo. Ndani yake kuna sehemu mbili zinazovuta pamoja, ya wima na ya mlalo. Mvua inapoichosha sehemu ya mlalo kuliko ya wima, na pia kuichelewesha kidogo, zikija kuungana upande wa pili haziwi tena wimbi lilelile. Limepinda kuelekea wima, na kiasi fulani cha nguvu yake kimehamia kwenye mkao usio wake. Kiasi hicho kinaingia katika antena ya jirani kama kelele.

Wimbi lililosimama sawasawa na tone, au lililolala sawasawa nalo, linaponea kwa sababu lina ng'ombe mmoja tu nirani. Lakini hata hilo haliponi kabisa. Upepo wa dhoruba huyainamisha matone nyuzi kadhaa, na wimbi lililokuwa wima mbele ya tone lililosimama linakuwa la kuinama mbele ya tone lililoinama. Linaloathirika zaidi ni wimbi lililoinama nyuzi 45, pamoja na lile linalozunguka kama parafujo, ambalo kwa asili yake lina sehemu mbili zilizo sawa.

Juu ya mvua kuna barafu. Sehemu ya juu ya wingu la radi imejaa chembe za barafu zenye umbo bapa, nazo zina tabia ya ajabu: hazinyonyi nguvu ya wimbi kwa kiasi cha kutajika, ila huligeuza. Radi inapopiga, nguvu ya umeme ndani ya wingu hubadilika ghafla, chembe hizo hugeuka pamoja, na wahandisi wanaopima mkao wa mawimbi ya satelaiti huona mruko wakati huohuo.

Si kila mtu anayeichukia tabia hii ya matone. Rada za kisasa za hali ya hewa hutuma mawimbi ya wima na ya mlalo kwa pamoja, kisha hulinganisha yanayorudi. Tofauti kati yake inaonyesha ukubwa wa matone, na hivyo wingi wa mvua.

Dishi lako la Bunda linatazama wapi

Mji wa Bunda uko takriban nyuzi 2 kusini mwa Ikweta na karibu nyuzi 34 mashariki. Satelaiti za televisheni zimesimama juu ya Ikweta, umbali wa takriban kilomita 36,000 kutoka ardhini. Mahali pawili panapotumika kwa matangazo ya nyumbani katika Afrika Mashariki ni nyuzi 7 mashariki na nyuzi 36 mashariki. Mtumiaji atofautishe mahali hapo pawili, maana mvua huzishughulikia njia zake kwa namna mbalimbali.

Satelaiti ya nyuzi 36 iko karibu utosini kwa mtu wa Bunda; dishi lake hutazama juu, mwinuko wa takriban nyuzi 86. Wimbi linaloshuka kutoka huko huyatazama matone kutoka juu, na skonzi ikitazamwa kutoka juu ni duara. Hakuna upande mrefu wala mfupi. Kwa hiyo mvua inalipunguza nguvu lakini ni kwa shida inaligeuza. Dishi linalotazama juu namna hiyo lina taabu yake nyingine ya kawaida: hukinga maji na majani kama sufuria likifungwa vibaya.

Satelaiti ya nyuzi 7 iko magharibi, na dishi lake huinuka takriban nyuzi 58. Njia ya wimbi inapita juu ya upande wa ziwani. Katika nchi za Ikweta mvua huanzia kwenye kimo cha takriban kilomita 5 kutoka usawa wa bahari, na Bunda yenyewe iko juu ya mita 1,200 hivi. Hivyo wimbi linaweza kupita katika mvua kwa zaidi ya kilomita 4 kabla halijafika kwenye paa. Kwa mlalo wa ardhi, njia hiyo inaanzia zaidi ya kilomita 2 magharibi ya nyumba. Ndiyo sababu picha inaweza kukatika nyumbani kwako uani kukiwa bado kukavu: mvua inanyesha magharibi yako, katika njia ya wimbi. Vivyo hivyo mvua inaweza kukupiga ukiwa unatazama taarifa ya habari bila tatizo, kwa kuwa wingu liko mashariki ya paa lako. Hesabu hizi zinafaa pia Musoma na Butiama kwa tofauti ndogo.

Sasa tufike kwenye jambo linalowapoteza hata mafundi. Katika menyu ya king'amuzi kila chaneli ina herufi V kwa wima au H kwa mlalo, pale ambapo huduma inatumia mikao hiyo. Herufi hizo zinahusu mhimili wa satelaiti. Hazihusu sakafu ya nyumba yako. Wima wa satelaiti ni kaskazini na kusini. Mtu wa Bunda anayetazama magharibi ana kaskazini upande wa kulia na kusini upande wa kushoto, kwa hiyo wimbi linaloitwa la wima linamfikia likiwa limelala! Hesabu inatoa mgeuko wa takriban nyuzi 85, yaani karibu robo ya mzunguko. Dar es Salaam mgeuko huo kwa satelaiti hiyohiyo ni takriban nyuzi 77. Baadhi ya satelaiti zenyewe zimeinamishwa nyuzi chache, na mtoa huduma ndiye mwenye namba kamili. Lakini tofauti ya takriban nyuzi 8 kati ya Dar es Salaam na Bunda inabaki palepale.

Fundi aliyejifunzia Pwani akaja Bunda na kuifunga LNB kama alivyozoea ameacha kosa la nyuzi 8. Linaonekana dogo. Kosa hilo peke yake huruhusu takriban asilimia 2 ya nguvu ya mkao mwingine kupenya mahali ambapo haikutakiwa. Siku ya jua mteja hatalijua, kwa sababu king'amuzi cha kidijitali huvumilia. Siku ya mvua, wimbi likiwa limedhoofika, limegeuzwa kidogo na matone, na tayari lina asilimia hizo 2 za kelele, uvumilivu unakwisha mapema kuliko kwa jirani. Nyumba mbili za mtaa mmoja, zenye madishi ya ukubwa mmoja, zinaweza kutofautiana dakika nyingi za kukatika katika dhoruba ileile. Tunapoambiwa kwamba mvua ndiyo iliyofanya, huwa tunataka kwanza kujua LNB ilifungwaje.

Tuseme ukweli pia upande wa pili: kwa televisheni ya nyumbani iliyofungwa vizuri, kinachokata picha kwa kawaida ni kupungua kwa nguvu kuliko kugeuka kwa mkao. Kwa dishi linaloinuka nyuzi 58, tofauti ya unyonywaji kati ya mikao miwili hushuka hadi takriban robo ya ile ya wimbi linalosafiri sambamba na ardhi. Kugeuka kunaumiza zaidi kwingineko, nako ni minarani.

Minara na simu yako

Mnara ambao haujafikiwa na mkongo wa mawasiliano huunganishwa na mwenzake kwa antena za mviringo zinazotazamana, na mawimbi yake husafiri sambamba na ardhi. Hukutana na kila tone kwa ubavu. Hapa umbo la skonzi linafanya kazi yake kikamilifu.

Chukua njia ya gigahezi 15 ambayo kilomita 5 zake ziko ndani ya mvua ya milimita 50 kwa saa. Wimbi la mlalo litapoteza takriban desibeli 18 na kubakiwa na sehemu moja ya 60 ya nguvu yake. La wima litapoteza takriban desibeli 15 na kubakiwa na sehemu moja ya 30. Ndiyo sababu, panapokuwa na hiari, njia ndefu katika nchi zenye mvua kubwa hupangwa katika mkao wa wima, na ndiyo sababu kibali cha masafa hutaja mkao pamoja na namba ya masafa. Kwa gigahezi 7 hasara katika mvua hiyohiyo haifiki desibeli 1 kwa kilomita. Kwa hiyo njia ndefu hupewa masafa ya chini na njia fupi ya juu.

Kampuni inayotumia mikao yote miwili kwa masafa yaleyale ili kuongeza uwezo wa mnara hufunga kifaa kinachoipima kelele ya mkao wa pili na kuiondoa. Kifaa hicho kina mpaka wake. Dhoruba ikivuka mpaka huo, mitambo hupunguza kasi yenyewe ili mawasiliano yasikatike kabisa. Mtumiaji huona ujumbe wa malipo unachelewa, picha hazifunguki, lakini simu ya sauti inapita. Hali hiyo ikidumu dakika 20 za mvua kubwa, ni maumbile. Ikidumu hadi saa tatu usiku ilhali mvua iliisha alasiri, si maumbile tena, na mtoa huduma ana wajibu wa kueleza.

Kabla hujatoa fedha

Kipimo cha kwanza ni saa. Kukatika kwa sababu ya mvua huja na mvua na huondoka nayo. Picha isiyorudi nusu saa baada ya mvua kuisha inaelekeza kwenye maji yaliyoingia katika waya au kiunganishi, au dishi lililosukumwa na upepo.

Kipimo cha pili ni herufi. Zikipotea chaneli za H zote huku za V zikionekana vizuri, na hakuna mvua, usinunue dishi. King'amuzi huichagulia LNB mkao kwa kutuma umeme wa volti 13 kwa wima na volti 18 kwa mlalo kupitia waya uleule wa antena. Waya uliooza au kiunganishi chenye kutu hula volti hizo. Zile 18 zikishuka, LNB hudhani imeambiwa 13. Tiba yake ni kubadilisha waya au kiunganishi, si kupandisha dishi jipya. Zikififia za mikao yote kwa pamoja, dishi limehama. Zikififia za mkao mmoja mvua inapoanza tu, mwombe fundi akague mgeuko wa LNB kwa namba ya Bunda.

Dishi kubwa lina faida, ila faida hiyo ina kiasi chake. Kutoka sentimita 60 kwenda 90 kunaongeza takriban desibeli 3.5. Katika dhoruba inayonyang'anya zaidi ya hizo kwa kilomita moja, dishi hilo litafupisha muda wa kukatika, halitaufuta. Kifaa cha kukuza mawimbi kinachouzwa madukani na kuchomekwa katikati ya waya hakisaidii dhidi ya mvua, kwa sababu hukuza na kelele iliyokwisha kuingia. Tunashauri fedha hiyo itumike kwanza katika waya mzuri na viunganishi vilivyofungwa visipitishe maji.

Kuna kukatika kwingine kusikohusu mvua wala fundi. Siku chache katika vipindi vya Machi na Septemba, karibu na saa tisa alasiri, jua hupita nyuma ya satelaiti ya nyuzi 7 kama inavyoonekana kutoka Mara, na kelele yake huzima picha kwa dakika chache chini ya anga jeupe. Hujirudia kila siku kwa saa karibu ileile, kisha huisha.

Usipande juu ya paa wakati wa mvua kugeuza dishi. Ukilisogeza katikati ya dhoruba utalielekeza mahali ambapo si pake, na mvua ikiisha utakuwa na kosa la kudumu badala ya la muda. Na radi ya Mara haihitaji kuelezwa kwa watu wa Mara.

Mtumie fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya ufungaji na matengenezo, na umwombe aandike kwenye risiti jina la satelaiti, ukubwa wa dishi na nyuzi alizoigeuzia LNB. Ukiwa na malalamiko, yapeleke kwanza kwa mtoa huduma na udai namba ya kumbukumbu. Andika tarehe, saa ya kukatika na saa ya kurudi, kama mvua ilikuwa ikinyesha na upande gani, na chaneli zilizopotea pamoja na herufi zake. Usiporidhika, yalete malalamiko hayo kwa Mamlaka katika ofisi ya Kanda ya Ziwa iliyoko Mwanza, ukiambatisha kumbukumbu hizo na nakala ya risiti. Daftari la wiki mbili lililoandikwa namna hiyo humwezesha mhandisi wetu kujua, kabla hajaondoka ofisini, kama anakwenda kukagua mnara, waya au wingu.